Muda wa Kusubiri Kati ya Minara Miwili

Masika mwanangu,

Umekwenda Vuhovi kumuaga bibi yako, na nyumba imetulia kiasi cha kuniruhusu kuandika. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za dawa, wala za fundi gani huko Beni ashone sketi zako. Mambo hayo umeyapanga mwenyewe, na umeyapanga vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi nilipoondoka nyumbani kwetu. Nataka kurudi kwenye sentensi moja uliyoitamka jana mezani, ambayo sikuijibu.

Ulisema hivi: “Mama, chef wa kazi anataka tupunguze ile temps ya kungojea ku njia yote, toka hapa Butembo mpaka Beni. Nitafanya vile anataka. Kiisha essai, ile kipindi ya kujaribiwa, bakinipatia contrat, ndipo nitaanza kurekebisha bien.”

Mama yako mdogo Kahindo akapiga makofi. “Mutoto iko na akili! Kwanza kula, kiisha uongee.”

Mimi niliuliza kama kuna anayetaka chumvi. Ulinitazama, ukaona kwamba sikuwa nikifikiria chumvi, lakini ulikuwa na adabu ya kutosha usinisukume. Sasa nakujibu. Naandika kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikatiza, nami siwezi kujificha nyuma ya chumvi.

Unajua kwamba miaka yangu yote ya kazi imekwenda katika kutunza minara ya simu kwenye milima hii, na kwamba wewe umeichagua kazi hiyohiyo bila mimi kukushawishi. Kuanzia Jumatatu, barabara ya Butembo hadi Beni itakuwa mikononi mwako, na kazi yako ya kwanza ni kupunguza kuchelewa kwa simu inapohama kutoka mnara hadi mnara. Umefaulu somo hilo katika mtihani. Hata hivyo, niruhusu nilieleze upya kwa maneno ya nyumbani, kwa sababu nimegundua kwamba jambo ninaloweza kulieleza kwa kanuni peke yake huwa sijalielewa.

Mtu yuko njiani, anazungumza. Simu yake inausikiliza mnara unaomhudumia, na wakati huohuo inaisikiliza minara jirani na kuripoti nguvu ya kila mmoja. Mnara unaomhudumia unaamua: jirani yule sasa anasikika vizuri zaidi, na amesikika vizuri kwa muda wa kutosha. Unamwomba jirani aandae nafasi. Jirani akikubali, simu inaamriwa kuruka. Inaachilia huku, inashika kule. Mambo yakienda sawa, mzungumzaji hajui kwamba kuna kilichotokea, na hapaswi kujua.

Kuchelewa kunaweza kuingia popote katika mlolongo huo: katika kupima, kama simu imepewa majirani wengi mno wa kusikiliza; katika kuandaa, kama nafasi inaombwa wakati mtu amekwisha kuuacha mnara nyuma; katika kuruka kwenyewe. Lakini mahali ambapo kila ofisi hupapenda ni pale katikati, kwenye ule “muda wa kutosha”. Ule ndio muda wa kusubiri anaousema mkuu wako. Hupendwa kwa sababu hubadilishwa kwa kibodi, mtu akiwa ameketi, na siku ya pili takwimu zinakuwa nzuri. Majirani hawawezi kusafishwa mtu akiwa ameketi.

Mimi niliubadilisha nikiwa nimeketi. Ilikuwa barabara ya Musienene, ulipokuwa mwaka wa pili chuoni. Makao makuu yalilalamika kwamba simu kwenye barabara ile zinachelewa kuhama, nami nikaupunguza muda wa kusubiri kwenye minara yote ya njia ile, kwa kipimo kimoja, bila kutofautisha kona na mahali palipo wazi. Nilikuwa na hoja nzuri, nilizoziandika vizuri. Tukatuma jeep ya kampuni kwenda na kurudi, simu ya kupimia ikiwa imefungwa juu ya paa, na dereva wetu akaendesha katikati ya barabara kama mtu anayebeba mayai. Vipimo vikatoka safi. Nikapongezwa kwa maandishi, na ofisi nzima ikanywa Fanta.

Hilo la kupongezwa lina uzito kuliko linavyoonekana. Nitalirudia.

Haukupita muda mrefu Kahindo akaja kwangu kutoka zamu. Unamfahamu: muuguzi anayeingia nyumbani kwa mtu kama anayeingia wodini. Siku iliyotangulia alikuwa amempeleka mama mmoja mjamzito kutoka kituo chao, upande wa Musienene, kwenda hospitali kuu ya Butembo. Mama yule alikuwa anatokwa na damu, na daktari alikuwa anamwongoza Kahindo kwa simu hatua kwa hatua. Simu ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena palepale njia inapopinda. Mama yule alifika, na mtoto wake alifika, kwa sababu Kahindo aliijua kazi yake kuliko mtandao wangu ulivyoijua yake.

Alisimama mlangoni, hakuketi.

“Yaya, dada yangu, mulitengeneza réseau ao muliiharibu?”

“Vipimo vinaonyesha mtandao umekuwa bora,” nikamjibu.

“Vipimo! Bon. Siku ingine nitapandisha mugonjwa juu ya vipimo vyako, tuone kama atafika.”

Unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilirudi ofisini nikaupunguza muda ule kwa mara ya pili. Nilifikiri kwamba ikiwa simu bado zinakatika, basi bado zinachelewa kuhama. Akili yangu ilikuwa imekwisha kuchagua jibu, ikawa inalitafutia maswali. Simu zikazidi kukatika, na takwimu za kuchelewa zikazidi kupendeza, kwa maana simu iliyokufa haichelewi.

Ukweli niliupata siku ya soko la Musienene, na sikuupata kwa bidii. Gari lilikuwa gereji, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, kama watu wote. Nilikuwa nazungumza na Kahindo, ambaye bado alikuwa amenuna, simu ikiwa imechomekwa ndani ya kitambaa cha kichwa kama wanawake wote wa njia ile wanavyofanya ili mikono ibaki huru kushika mzigo. Hilo peke yake lilinishtua: nilikuwa nyuma ya mgongo wa motari aliyeniendesha, simu imefunikwa kwa kitambaa na kubanwa na fuvu langu mwenyewe, na nilikuwa nimeipima barabara ile kwa simu iliyowekwa juu ya paa la jeep. Tulipofika kwenye kona, sauti ya Kahindo ikakatika.

“Simama kidogo,” nikamwambia motari.

“Hapa? Mama, hapa hakuna kitu. Ao unataka kukojoa?”

“Nataka kuangalia.”

“Kuangalia nini? Ni mulima tu.”

Ulikuwa mlima tu, ndiyo, na haukuwa na hata mti mmoja. Nyuma yake, mbali sana, ng'ambo ya bonde ambalo halihusiani kabisa na Musienene, niliona ncha ya mnara ambao sikuwahi kuuona nikiwa kwenye barabara ile. Zamani mikaratusi ilisimama pale kama ukuta na kuuficha. Nilikuwa naufahamu mnara ule, ulikuwa wetu. Na mlima nao nilikuwa naufahamu.

Motari akaona ninakotazama. “Ah, ile miti? Bapasuaji ba mbao balimaliza yote. Eti ni mama moya wa mambo ya réseau ndiye aliuzisha, juu mutoto wake asome université.” Akacheka mpaka moto ikatikisika. “Kama ule mutoto hapate diplome, mulima utamulilia!”

“Atapata,” nikasema.

“Unamujua?”

“Kidogo.”

Ule ni msitu alioupanda babu yako na kuniachia, Masika. Niliuuza ukiwa umesimama mwezi mmoja kabla hujarudi chuoni kuanza mwaka wa pili. Nilipotia saini, niliuona kama karo. Babu yako angeuona hivyohivyo, kwa kuwa hakuna mtu katika milima hii anayepanda mikaratusi kwa ajili ya kivuli. Haikunijia hata mara moja kwamba nilikuwa nauza pia ukuta uliozuia mawimbi. Mhandisi ndani yangu na mzazi ndani yangu walikuwa wanafanya kazi katika ofisi mbili tofauti, bila kupigiana simu.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Ukuta ulipoondoka, mnara wa mbali ulianza kuangaza kwenye ile kona, kwa nguvu, lakini kwa muda mfupi tu, kabla njia haijapinda na kuupoteza. Muda wa zamani wa kusubiri ungewaokoa watu: simu ingeusikia mnara ule, ingesubiri kuhakikisha, na kabla ya kuhakikisha ingekuwa imekwisha kuipita kona. Mimi nilikuwa nimeondoa subira hiyo. Simu ya kitambaani, iliyousikia mnara wetu wa barabarani kwa unyonge kuliko ile ya juu ya paa, ikarukia mgeni papo hapo. Mnara wetu wa barabarani uliujua ule wa mbali kama jirani, kwa kuwa mtu fulani aliuandikisha zamani bila sababu ya maana. Ule wa mbali haukuujua wetu. Kona ilipoisha, haukuwa na wa kumkabidhi mtu aliyekuwa mikononi mwake. Ukamwangusha.

Niliwaeleza wenzangu mambo hayo siku iliyofuata katika mkutano, nikamalizia kwa kusema, “Na miti ilikuwa yangu.” Kisha mmoja wao akasema taratibu, “Donc, Ingénieur, ulijikatia réseau wewe mwenyewe?” Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa hatimaye nilikuwa naelewa kitu.

Kukitengeneza hakukuwa kugumu baada ya kukielewa. Tuliinamisha antena ya mnara wa mbali ili iangalie bonde lake. Tulihakikisha kwamba kila mnara unaotambua jirani unatambuliwa naye. Tuliwaondoa majirani wasio na kazi, ili simu isikilize wachache na iwasikilize upesi. Muda wa kusubiri tuliurudisha kwenye kona, tukauacha mfupi kwenye sehemu zilizo wazi, na maombi ya nafasi tukayafanya yatoke mapema zaidi, mtu akiwa bado na mnara wake mkononi. Kisha tukapima tena, safari hii kwa moto, simu ikiwa kitambaani. Kuchelewa kulipungua kuliko kulivyopungua nilipochezea kibodi, na mazungumzo yakafika mwisho wake. Kahindo alinipigia akiwa kwenye kona ileile akaniimbia pambio zima la kwaya yao, bila huruma, mpaka akaingia mjini.

Sikukueleza wakati ule. Ulikuwa unakaribia mitihani, na sikutaka ukae darasani ukiwa na mlima mabegani. Nakueleza leo kwa sababu umemaliza, na kwa sababu barabara ya Beni ina milima mingi kuliko ile.

Nami sina wasiwasi na uwezo wako. Nimeisoma tasnifu yako mara mbili. Mara ya pili nilitafuta makosa kwa nia mbaya, nikapata moja tu, nalo lilikuwa la chapa. Wala simwoni mkuu wako kuwa mjinga. Katikati ya mji wa Beni, ambako minara inakaribiana na ardhi haipandi wala kushuka sana, muda mfupi wa kusubiri ni sahihi, na hapo mkubalie bila kusita. Mtu akiwa sahihi kwa nusu, mpe nusu yake kwanza; atakusikiliza vizuri zaidi unapoikataa nusu nyingine. Lakini kuanzia Maboya na kwenye miteremko ya Kabasha, kipimo kimoja kwa njia yote ni kosa langu mimi likivaa jina jingine.

Kabla hujagusa chochote, ipite njia ile kwa moto, ukiwa abiria. Funga kitambaa kizuri kichwani. Na popote utakapoona mlima mtupu, uliza ni nani aliuza, na lini, na kwa nini. Ramani ya ofisi haitakuambia kwamba fulani amemwozesha kijana wake, au kwamba mwingine ana mgonjwa Kampala, au kwamba shule zinafunguliwa. Lakini miti huanguka kwa sababu hizo, na mawimbi hupita ilipokuwa imesimama. Huo ni utaalamu wa kwetu. Hukufundishwa chuoni kwa kuwa walioandika vitabu vile hawajawahi kumsomesha mtoto kwa msitu.

Sasa nalirudia lile la kupongezwa, kwa maana hapo ndipo sentensi yako ya jana iliponigusa.

Umesema utafanya anavyotaka, upewe mkataba, kisha urekebishe. Najua kwamba si woga. Ni hesabu, na hesabu yenyewe imepangwa vizuri. Ila kuna kitu kimoja ambacho haikukihesabu. Nilipopongezwa kwa takwimu za barabara ya Musienene, nilipata kitu cha kulinda. Kahindo alipokuja mlangoni kwangu na ukweli, mimi nilikuwa tayari nina barua ya pongezi, na ndiyo iliyomjibu, siyo mimi. Kama nisingekuwa nimesifiwa, ningemwuliza swali la kwanza ambalo mhandisi yeyote huuliza: ilikatikia wapi? Sikumwuliza. Alikuwa nalo jibu mdomoni, palepale njia inapopinda, na alikuwa amekwisha kunitajia, nami sikulisikia.

Ukipata mkataba kwa takwimu hizo, zitakuwa zako. Siku utakapotaka kuzirekebisha, itakubidi umwambie mkuu wako kwamba alikuajiri kwa sababu ya kosa. Unaweza kulifanya hilo. Una ukaidi wa kutosha, nilikuzaa nao. Lakini litakuwa gumu kuliko kumwambia Jumatatu kwamba bado hujapima. Na katikati ya siku hizo mbili watu wataendelea kuipita barabara ile. Wewe unaijua njia ya Beni: kabla ya kila kijiji dereva hupiga simu mbele kuuliza kama njia iko wazi, haina watu wenye bunduki, na anayemjibu hana nafasi ya kurudia mara tatu.

Nimemaliza hoja. Limebaki jambo moja, nalo linanihusu mimi kuliko wewe.

Mkuu wako aliwahi kufanya kazi chini yangu. Alikuwa kijana mwepesi, mwenye bidii, anayependa kibodi. Namba yake ninayo. Tangu jana usiku nimeyapanga maneno ambayo ningemwambia, na ni maneno mazuri: nisingekutaja hata kidogo, ningeulizia tu hali ya barabara ya Beni kama mzee wa kazi anavyoulizia, na kabla hajakata simu angekuwa ameubadilisha mpango wake akidhani ni wazo lake. Ungefika Jumatatu ukute mambo yamenyooka, usijue kamwe kwa nini.

Sitampigia. Nimefikiri hivi: ningekuwa nakutengenezea barabara moja, nikikuachia nyingine zote ukiwa hujawahi kusema hapana kwa mtu anayekulipa. Tena kuna uwezekano, ambao sina budi kuukubali kwa kuwa nimekulea uupime kila uwezekano, kwamba utafika kule, utapima, na utakuta ni mimi niliyekosea kuhusu Kabasha.

Kwa hiyo Jumatatu, atakapokuambia uupunguze muda wa kusubiri, jibu litakuwa lako peke yako. Ukisema hapana na akakuachisha, panda gari la kwanza urudi. Chumba chako hakitapewa mtu, nami sitakuuliza chochote mpaka uwe umekula. Ukisema ndiyo, sitakulaumu, lakini usinifiche. Na ukimwambia kwamba unahitaji kupima kwanza, naye akakuuliza ni nani aliyekufundisha ubishi huo, usinitaje. Mwambie umekuja nao mwenyewe.

Mama yako